Bi Opereta Hasikilizi Mpaka Mwisho

Saa tisa alasiri, vyombo vikishaoshwa na kufunikwa, Bi Opereta alikuwa na mazoea ya kujilaza kitandani na simu kifuani. Halali usingizi. Anaelea tu, nusu yuko chumbani na nusu hayuko, pazia la dirishani likiingia na kutoka taratibu, na kila simu ikitetemeka kifua nacho kinatetemeka kidogo, anajua kuna mtu mahali fulani anamtaka mtu. Ilikuwa saa tamu kuliko zote za siku yake.

Siku hizo ilikuwa ikitetemeka sana. Kundi la ukoo lilikuwa na watu sitini na kitu, nusu yao hakuwahi kuwatia machoni. Kulikuwa na kundi la wastaafu wa simu, ambamo mwenzake wa zamani, waliyemwita Bi Waridi, aliweka picha ya maua kila asubuhi bila kukosa. Na kulikuwa na wanawe wawili, kila mmoja kivyake, ambao hawakuwa na kundi.

Ukimtazama akipokea ujumbe wa sauti ungedhani anaonja mchuzi. Anainua simu, anaisogeza mbali na macho kwa sababu miwani iko jikoni na jikoni ni mbali, anabonyeza. "Shikamoo Mama, ni mimi, leo huku..." Basi, imetosha. Huyo ni mwanawe wa kiume, mzima wa afya, yuko kazini, ana mafua kidogo. Anaikata hapo hapo, anaandika "Nimepata. Asante," anatia na kopa jekundu, anarudi kuelea. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa dakika mbili. Yeye alisikiliza sekunde sita.

Usimwite mvivu, wala usiseme ni uzee. Mama huyu amekula chumvi nyingi, ni kweli, lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko yako na yangu. Lile lilikuwa ni jambo la kazi, na kazi ikishamwingia mtu mwilini haitoki siku anayopewa saa ya ukutani na kuambiwa kwaheri.

Kwa miaka ishirini na saba alikaa mbele ya swichibodi, ule ubao mkubwa wa simu wenye matundu mia mbili na vitaa mia mbili, enzi ambazo hukuweza kuzungumza na mtu wa mji wa pili bila kupitia kwa mwanamke aliyeketi kwenye kiti kirefu. Kitaa kikiwaka, unachomeka waya. "Opereta, nikusaidie?" Anakwambia anamtaka nani, unachukua ncha ya pili ya waya unaichomeka kwa huyo, unasubiri. Wakishaitikiana, halo na halo, kuna swichi ndogo chini ya waya. Unaisukuma kwa kidole gumba na wewe unatoka. Wanabaki wenyewe na mambo yao.

Msimamizi wa zamu, mama mmoja mnene aliyetembea na rula, aliwafundisha wasichana wapya hilo kabla ya kuwaonyesha hata choo kilipo. Maneno ya watu si yako. Kulikuwa na mwenzao aliyekaa kwenye laini akasikia uchumba wa watu ukivunjika, akaenda kuupigia domo saluni, na kesho yake kabla ya chai ya saa nne hakuwa na kazi. Bi Opereta, wakati huo binti wa miaka kumi na tisa, mwembamba, mwoga wa rula, alilishika somo kwa mikono miwili. Akawa ndiye anayetoka haraka kuliko wote. Baada ya miaka michache hakuhitaji hata maneno matatu. Pumzi ilimtosha. Anayevuta pumzi kabla ya kusema anaomba kitu, anayeitoa ana habari mbaya, anayeizuia amependa.

Mume wake alimpata kwa njia hiyo. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, anapiga kutoka vituo vya mbali. "Opereta, niunganishe na ofisi." Miezi saba, niunganishe na ofisi. Halafu siku moja akaizuia pumzi na kusema, "Opereta, leo sitaki ofisi." Msichana wa watu akachomoa waya kwa aibu. Kitaa kikawaka tena, na tena, mpaka msimamizi akaja na rula yake kuuliza kulikoni.

Wakaoana, wakazaa, wakaishi vizuri, lakini tabia ilimfuata nyumbani. Mzee akianza kusimulia safari yake, mkewe anasikia mwanzo, anajua kama anataka chai au anataka kuonewa huruma, anainuka kumletea, na mzee anaachwa akizungumza na kiti. Hakuwa na ubaya wowote. Kwa Bi Opereta, kumwachia mtu maneno yake ndiyo heshima yenyewe. Alijivunia, tena hakuficha: alisema hajawahi kusikia jambo la mtu ambalo hakutakiwa kulisikia. Hakuwahi kujiuliza kuhusu yale aliyotakiwa.

Simu ya kupangusa ilikuja miezi minane baada ya mzee kufariki. Aliituma mwanawe mkubwa, fundi wa lifti katika mji wa nchi nyingine, kwa mkono wa mtu anayekuja likizo. Aliyetakiwa kumfundisha mama kuitumia ni mdogo wake wa kike, mwalimu wa hesabu shule ya msingi, aliyekaa mitaa mitatu kutoka hapo. Mwalimu alikuja. Lakini simu hakuigusa, kwa kuwa imetoka kwa kaka yake. Alisimama nyuma ya kiti cha mama, mkono mmoja kiunoni, akaelekeza kwa penseli: bonyeza hapa, vuta hivi, siyo hapo, mama, hapo umempigia mtu. Wiki nzima alifundisha kwa penseli.

Na wala usidhani hawa wawili waligombania nyumba au shamba. Waligombania picha.

Mzee aliugua miezi mitano. Mwalimu alihamia kwa wazazi wake, anamwosha baba asubuhi, anakwenda kufundisha, anarudi kumgeuza, anasahihisha madaftari sakafuni kando ya kitanda. Fundi Lifti hakuja. Mara karatasi zake hazijakamilika, mara jengo wanalofunga lifti halijakabidhiwa, mara mwezi ujao. Siku mzee alipokata roho, kabla hata majirani hawajajua, Fundi Lifti aliweka mtandaoni picha ya zamani, yeye wa miaka sita ameketi kwenye ngazi ya lori, baba yake amemshika bega. Chini yake akaandika maneno marefu ya kuliza. Pole zikamiminika, mia nne na zaidi. Na katikati ya pole hizo, Mwalimu akaandika mstari mmoja: "Mnaompa pole, mumuulize alimnywesha baba dawa siku gani."

Ukoo ukachanika kama kitambaa. Shangazi huku, wajomba kule, watu wasiomjua hata marehemu wakachangia. Fundi Lifti hakujibu. Alikuja kuzika, akakaa siku tatu, akala chakula kilichopikwa na mdogo wake bila kumtazama usoni, akaondoka. Tangu hapo ilikuwa inakwenda miaka mitatu.

Ndiyo maana Bi Opereta na simu ile walikuwa wanapendana na kuchukiana. Asubuhi akiiwasha na sauti zikaanza kuingia, alihisi yuko tena kwenye kiti kirefu, vitaa vinawaka kimoja baada ya kingine, dunia nzima inamhitaji. Sauti ya mwanawe ilikuja na mwangwi, maana alirekodi akiwa ndani ya mashimo ya lifti, na mama alipoisikia alimwona mwanawe ananing'inia katikati ya jengo refu, si juu wala si chini, anamwita. Alipenda sana hilo. Humo simuni aliona harusi za watu na vyumba vyao, watoto wakiogeshwa, mpaka sahani za watu aliziona. Hapo aibu ikamshika, anafunika kioo kwa kiganja kana kwamba amefungua mlango wa jirani bila kubisha.

Na kuna jambo jingine alilifanya ambalo hakumwambia mtu. Mara moja moja alasiri alikuwa anakwenda kwenye ile picha. Alijua njia. Anateremka taratibu kwa kidole, pole, pole, pole, mpaka kwenye mstari wa Mwalimu. Hakuna aliyeufuta na hakuna aliyeiondoa picha. Bi Opereta alishika tama, akatazama jina la mwanawe juu na jina la binti yake chini, karibu karibu. Hapo ndipo mahali pekee walipobaki pamoja.

Yeye mwenyewe alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa, na alikisema waziwazi kwa yeyote aliyemuuliza hali. Alitaka kusikia watoto wake wakiitikiana. Halo na halo, basi, yeye atoke.

Badala yake akapewa kazi ya kubeba. "Mama, mwambie Mwalimu aangalie paa lako, mvua zinakuja." "Mama, mwambie huyo mwanao paa nimeshalitengeneza tangu mwezi jana." Mwambie, mwambie. Jambo hilo lilimkera mpaka kwenye mifupa. "Mimi habari za watu sibebi," aliwajibu. "Opereta anafungua laini. Mkitaka wa kubeba, tafuteni tarishi."

Basi wiki moja Bi Waridi, yule wa maua, alimpigia kumfundisha jambo jipya. Ukiushikilia ujumbe wowote, alisema, unatokea mshale. Ukiubonyeza, ujumbe unakwenda kwa mtu mwingine vilevile ulivyo, sauti ileile ya mwenyewe.

"Sauti ileile?" aliuliza Bi Opereta.

"Ileile. Kama kuchomeka waya tu, shoga yangu."

Maneno hayo hayakumtoka kichwani. Siku mbili alitembea nayo nyumbani, anafagia huku anatabasamu peke yake.

Alhamisi alasiri, pazia likiingia na kutoka, simu ilitetemeka kifuani. Ni Mwalimu. Ujumbe wa sauti, dakika nne na sekunde kumi na mbili, urefu usio wa kawaida kwa mtu anayezungumza kama anasoma mahudhurio. Bi Opereta akabonyeza.

"Mama, mwambie kaka aache kunitumia salamu kupitia kwako..."

Akaikata. Alishasikia alichohitaji: nani anamtaka nani. Moyo ulimruka kama msichana, maana kwa miaka mitatu Mwalimu hakuwahi kutamka neno kaka. Ilikuwa huyo, au mwanao, au mtu wako. Leo kaka. Tena kabla ya kusema alivuta pumzi, na anayevuta pumzi anaomba kitu. Akaushikilia ujumbe, mshale ukatokea, akalitafuta jina la mwanawe wa mwangwi huko mbali, akauchomeka kwake. Kisha akamwandikia binti yake, "Nimepata. Asante," na kopa jekundu. Halafu, kwa furaha, la pili.

Akalala chali. Chumba kilijaa mwanga wa njano wa saa kumi, na katika mwanga huo alimwona mumewe, kijana, amesimama kwenye kibanda cha simu cha kituo cha mbali na vumbi la safari shingoni. Alikuwa ameshikilia mkono wa simu sikioni kama mtu anayesubiri kuunganishwa, na Bi Opereta, kati ya kulala na kuwa macho, alimwambia, bado kidogo, watoto wanaongea.

Ijumaa ikapita. Alama mbili zilishageuka buluu kwa mwanawe, yaani amesikia, lakini kimya. Alimwona yuko hewani asubuhi, yuko hewani mchana, yuko hewani jioni, haandiki. Bi Opereta alijiambia wanaongea wao wenyewe, ndiyo maana hawana haja naye. Alijiambia hivyo mara nyingi kidogo kuliko inavyofaa.

Jumamosi asubuhi akiwa mezani na chai, ujumbe ukaingia. Wa maandishi, mstari mmoja. "Mama, uliisikiliza yote kabla ya kunitumia?"

Akavaa miwani. Akausoma mara ya pili. Kisha akarudi kwenye sauti ya binti yake, akaiweka simu mezani mbele yake, akakunja mikono, na kwa mara ya kwanza tangu awe na miaka kumi na tisa akamsikiliza mtu bila kutoka.

"Mama, mwambie kaka aache kunitumia salamu kupitia kwako... Hapana. Usimwambie. Mama, ngoja. Niko darasani, watoto wameshakwenda, nimefunga mlango. Kuna kitu nataka nikwambie wewe tu. Uso kwa uso siwezi, nimejaribu, nikija kwako unaniuliza kama nimekula halafu unakwenda jikoni.

"Ile wiki ya mwisho, baba alikuwa anamuulizia kaka. Kila siku. Nikimwosha, anamuulizia. Nikimgeuza, anamuulizia. 'Mpigie kaka yako, niisikie sauti yake.' Na mimi niko hapo, mama! Mgongo unaniuma, silali, mikono yangu inanuka dawa yake, lakini anayeitwa ni yule. Basi nilikuwa nachukua simu, naiweka sikioni, nakaa kidogo, halafu namwambia, 'Baba, hapatikani.' Sikuwa nimepiga, mama. Sikubonyeza kitu. Mara nne nilifanya hivyo. Mara ya nne akasema, 'Basi usimsumbue, atakuwa kazini.' Hakuuliza tena. Kesho yake usiku ndiyo akaondoka.

"Halafu nikaenda kuandika yale maneno mbele ya watu, nikaonekana mimi ndiye mtoto. Kila anayenisifu ananichoma. Mama, nimechoka. Niambie kitu. Hata ukinitukana, sawa. Niambie chochote."

Ikaisha. Juu ya kioo, chini ya sauti ile, kulikuwa na jibu lake yeye mama mzazi. Nimepata. Asante. Na makopa mawili.

Chai ilipoa. Bi Opereta alikumbuka vizuri lile neno, hapatikani. Alilisikia mara zote nne, akiwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi. Yeye, aliyeweza kujua mtu amependa kwa pumzi tu, hakugundua kwamba hakuna simu iliyoita upande wa pili. Alikuwa ameshatoka kwenye laini kama kawaida yake. Alijiona mwovu, na kwa mara ya kwanza alitamani ile rula imshukie vidoleni.

Kabla hajajua afanye nini, mlango ukagongwa, na Mwalimu akaingia na mfuko wa madaftari begani na mkate chini ya kwapa. Alikuwa mwepesi. Hakuna neno lingine. Hata viatu alivivua kwa kuvirusha, kama alivyokuwa akifanya akiwa msichana wa shule.

"Mama," alisema, akaketi mbele yake akamshika mkono. "Sijui nianzie wapi. Nilitegemea utanilaani, na wewe ukaniandikia nimepata. Ukaniwekea na makopa. Nimelala siku mbili kama mtoto mchanga, nakuapia. Miaka mitatu sijalala hivyo."

Alikuwa anacheka, na chozi linamlengalenga. Na hapo, msomaji, Bi Opereta angeweza kunyamaza. Ilitosha amkumbatie, amkatie mkate, na binti yake angeondoka na usingizi wake. Lilimjia wazo hilo, likakaa naye kidogo, akalitamani. Lakini kwenye meza simu ilikuwa na swali la mwanawe halijajibiwa, na uongo wa namna hiyo ungedumu mpaka jioni tu.

"Mwanangu," alisema, "sikuwa nimesikiliza."

"Hukusikiliza nini?"

"Ile sauti. Nilisikia mwanzo, mwambie kaka. Nikaona unamtaka kaka yako. Nikampelekea."

Mwalimu aliutoa mkono wake taratibu. "Umempelekea nani?"

"Kaka yako."

"Yote?"

"Yote. Mimi mwenyewe nimeisikia leo asubuhi."

Mwalimu hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Alikaa akiutazama mkate, na usoni pake Bi Opereta aliona hesabu inapigwa, polepole, kwa mpangilio, jinsi alivyofundishwa na anavyofundisha.

"Kwa hiyo nimepata asante siyo kwamba umesikia."

"Ni kwamba imefika."

"Zote? Miaka yote hii?"

Bi Opereta aliinamisha macho kwenye yale makopa mawili.

"Na ile ya mwezi wa tatu? Ya hospitali?" Sauti ya Mwalimu ilikuwa ndogo sasa. "Nilikwambia nina uvimbe titini. Nilikaa chooni hospitali nikakurekodia, nikakwambia, mama, naogopa, niombee. Ukaniandikia nimepata asante. Nikasema, mama yangu ni jasiri, hataki kunitia hofu."

"Uvimbe gani? Mwanangu, uvimbe gani?"

"Haukuwa mbaya. Walishautoa." Alisimama, akachukua mfuko wake begani. "Nilikwenda peke yangu."

Alikuwa ameshafika mlangoni, anatafuta kiatu cha pili kwa mguu, simu ilipoanza kuita. Si kutetemeka kwa ujumbe. Kuita kwenyewe. Jina la mwanawe likajaa kioo. Bi Opereta alilitazama, akamtazama binti yake, na vidole vyake vikashindwa kupata kitufe. Alikuwa ameunganisha simu za watu laki ngapi maishani mwake. Mara ya tatu ndiyo akapata, akaifungua kwa sauti ya nje ili isikike chumba kizima.

"Mama." Hapakuwa na mwangwi safari hii. Alikuwa nje, barabarani, magari yanapita. "Mwalimu yuko hapo?"

"Yuko mlangoni."

"Mwambie..." Gari likapita. "Hapana. Mdogo wangu, unanisikia?"

Mwalimu alisimama na kiatu mkononi.

"Nakusikia."

"Miezi mitano aliumwa," alisema Fundi Lifti. "Simu nilikuwa nayo mfukoni. Wewe hukuninyang'anya. Nilikuwa nasema nitapiga nikishuka, nikishuka nasema kesho. Niliogopa kusikia sauti yake imekonda. Hilo ni langu, sikubebeshi." Akakohoa, akaendelea. "Lakini mara nne, Mwalimu. Mara nne aliniulizia. Hilo sijui nitakusamehe lini. Labda sitaweza. Ila nitakuwa nakupigia, usiponipokea nitapiga tena."

Mwalimu aliteremka polepole na mlango mgongoni mpaka akawa ameketi sakafuni, akafunika uso kwa mfuko wa madaftari, na kilio kikamtoka ambacho hakukilia msibani.

Bi Opereta aliinuka. Walishaitikiana. Maneno yaliyobaki yalikuwa yao, na miguu yake ilikuwa imeshageuka yenyewe kuelekea jikoni.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mwalimu nyuma ya mfuko.

"Nawaacha mzungumze."

"Wewe ndiye mama yetu," alisema binti yake. "Rudi ukae."

"Kaa, mama," ilisema simu.

Akarudi. Akaketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, na wanawe wakaanza, kwa ukali kwanza, mmoja akimkatiza mwenzake, kuhusu dawa, kuhusu karatasi, kuhusu nani alipendwa zaidi na nani aliachwa peke yake na nani. Jina lake mama nalo lilitajwa, tena si kwa wema. Kila neno lilimchoma, na hakutoka.